Somo kwa Viti Vitupu

Asubuhi ya Jumatatu Profesa alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akipima pindo la pazia la mteja aliyetaka liguse chini lakini lisiburuzike. Mama mkubwa alikuwa kwenye cherehani, mguu ukikanyaga, macho yakiwa mlangoni kuangalia nani anapita na nani anajifanya hakumwona. Mpiga pasi, aliyepanga kona ya duka hilo kwa kuwa hakuwa na pake, alikuwa akinyunyizia maji shati la mtu na kulalamikia umeme.

Duka lilikuwa nyuma ya jengo, na tangu lijengwe halikuwa na dirisha. Watu hawakuchoka na utani huo. Wauza mapazia wasio na dirisha, walisema, ni kama kinyozi mwenye upara. Mama mkubwa aliwajibu vile vile kila mara: "Na mchimba makaburi naye mlitaka afe kwanza?"

Lakini sasa dirisha lilikuwapo. Lilitokea wakati wa mvua zilizopita, siku umeme ulipokatika na mpiga pasi, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, akauliza kwa nini mwezi hupungua. Profesa aliwasha tochi ya simu, akamsimamisha katikati ya chumba, akampa uzi mweupe uliofungwa kama mpira, akamwambia aunyooshe mbele yake na azunguke polepole. Alimweleza mara ya kwanza, hakuelewa. Alimweleza mara ya pili, akasema ameelewa, lakini Profesa alimtazama usoni akaona ni uongo wa adabu. Mara ya tatu mpiga pasi aliuzungusha uzi mwenyewe, akaurudisha, akauzungusha tena.

"Kumbe haupungui," alisema. "Ni sisi tunaouona upande."

Ukuta uliokuwa nyuma yake ukatoa sauti kama ya mtu anayekohoa nje ya mlango wa wakubwa, na hapo dirisha likawapo: fremu ya mbao, vioo safi, komeo lililotiwa mafuta. Ng'ambo ya vioo ulionekana ua wa jirani, na jirani mwenyewe akianika shuka. Jirani alipunga mkono. Mama mkubwa aliinuka, akachukua tepu, akapima. "Upana wa kawaida," alisema, akakata kitambaa. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja, akalitazama, akapandisha kodi, maana chumba chenye dirisha si sawa na chumba kisicho nalo.

Baada ya hapo mtaa ulijua. Si kila maelezo yalileta dirisha. Mtu akitikisa kichwa ili aachwe aende zake, ukuta ulikaa kimya. Akielewa kweli, dirisha lilifunguka katika ukuta uliokuwa karibu naye kuliko kuta nyingine, awe upande gani. Muuza magazeti alipata lake alipoelezwa kwa nini mlimani kuna baridi ilhali mlima uko karibu na jua. Lilikuwa dogo, la juu kabisa, kama la chooni, kwa sababu alielewa nusu.

Jina la Profesa lilianza kama kejeli. Alikuwa na shahada ya jiografia, imetundikwa juu ya cherehani ndani ya mfuko wa nailoni ili isishikwe na nyuzi, na alikuwa anashona mapazia. Watu wakicheka mwisho huchoka. Jina likabaki, kicheko kikaondoka. Shule ya mtaa haikuwa na mwalimu wa jiografia, na mkuu wa shule, mama mwenye sauti kama filimbi, alikuja kila muhula kumkumbusha.

"Profesa, kasomee ualimu nikupe darasa kesho yake. Bila hicho cheti siwezi kukuingiza shuleni hata kufuta ubao."

Kozi yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja, kwa wenye shahada tayari, na chuo kilichoitoa kilikuwa kimoja tu. Kila mwaka Profesa aliomba. Kila mwaka aliitwa kwenye usaili, akafundisha somo la majaribio, akaambiwa apite chumba cha pili angoje, ataitwa. Kila mwaka aliupita mlango wa chumba hicho bila kuugusa, akarudi nyumbani, kwa kuwa kulikuwa na mapazia ya watu. Hakuitwa. Na mwaka huu ndio uliokuwa wa mwisho. Chuo hakikupokea mtu aliyetimiza miaka thelathini na tano, na yeye alikuwa anaitimiza wiki ile ile ya usaili, siku ya Jumatano. Akikubaliwa Jumanne, yeye ni mwalimu. Akikubaliwa Alhamisi, amekubaliwa nani?

Usaili ulikuwa Jumanne.

Katika nyumba ile, hata hivyo, neno usaili halikutamkwa kwa wepesi. Mama yake mzazi, mdogo wake Mama mkubwa, alikwenda usaili huo huo asubuhi moja, Profesa akiwa mtoto wa meno mawili. Alimwacha amelala. Aliazima viatu vya dada yake, vya kahawia, kisigino kifupi, kifungo cha shaba mfano wa jani. Alisema atarudi jioni. Hakurudi. Mtaa ulisema ametoroka na dereva wa lori, na wengine walimfahamu hata huyo dereva. Chuoni wakaulizwa, wakajibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo aliyepokelewa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mama mkubwa hakukubali kwamba ametoroka wala hakubisha. Alisema tu, "Aliondoka na viatu vyangu." Aliwaambia hivyo polisi, akawaambia jamaa, akamlea mtoto wa mdogo wake kwa maneno hayo kama wengine wanavyolea kwa wimbo.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi, Profesa alipokuwa anafunga mkoba, alimwambia, "Vaa viatu vyako mwenyewe."

"Nina vingine?"

"Ndiyo nasema. Na ngojangoja ya huko usiizoee. Huumiza tumbo, na mimi kichwa."

Chuo kilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye ngazi zilizolika katikati. Korido ilipakwa rangi ya kijani hadi kifuani, na nyeupe toka hapo kwenda juu. Karani wa usaili alikuwa anachovya mkate kwenye chai. Mbele yake, ukutani, mwanamume mnene mwenye tai nyekundu alikuwa anaisalimia ndoo ya maua kwa sauti ya chini: "Hamjambo, watoto? Hamjambo, watoto?"

"Wewe tena," karani alimwambia Profesa, bila ubaya.

"Mimi tena."

"Mwaka jana hukungoja."

"Nilikuwa na mapazia ya watu."

"Wanaongoja ndio wanaoitwa, dada."

"Nani ameitwa?"

Karani alitafuna, akafikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Majina hayajashuka," alisema.

Somo la majaribio, katika chuo kile, lilifundishwa kwa viti vitupu. Zamani waliletwa wanafunzi wa kweli kutoka shule ya karibu, lakini wanafunzi wa kweli waliuliza maswali, na ratiba ikawa inachelewa. Basi mwombaji aliingia, akasimama mbele ya viti, akavisalimia, akangoja kidogo kana kwamba vimeitikia, kisha akaanza. Kungoja huko kulikuwa na alama zake. Aliyengoja sana alikatwa. Asiyengoja kabisa alikatwa zaidi.

Wasaili walikuwa watatu, wamekaa pembeni ya ubao. Katikati alikaa Mwenyekiti, mzee wa koti lililopauka viwiko. Kulia kwake alikuwa Bibi Miwani, aliyeangalia sauti na mkao. Kushoto alikuwa Mtunza Muda, na yeye alikuwa na kengele. Chumba hakikuwa na dirisha. Ukuta wa nyuma, ule ambao viti viliupa mgongo, ulikuwa mtupu kabisa, na Profesa hakuutarajia chochote. Viti havielewi. Wasaili nao walikuwa wanaandika, na mtu hawezi kuandika na kuelewa kwa wakati mmoja.

"Hamjambo, watoto?" alisema.

Akangoja. Bibi Miwani akaandika.

Alikuwa amechagua somo la mto. Alitoa tepu yake ya kupimia, ndefu, ya njano, akailaza mezani ikiwa imenyooka, kisha akaisukuma kwa kidole mpaka ikapinda. Alieleza kwamba hakuna mto unaoamua kupinda. Hukutana na jiwe, au mzizi, au udongo mgumu kidogo kuliko mwingine, ukaegemea upande. Maji ya upande wa nje wa kona yana haraka, kama watu wa nje ya mduara wakicheza ngoma, basi yanakula ukingo. Maji ya ndani ya kona ni mavivu, basi yanatua mchanga. Upande mmoja unaliwa, mwingine unalishwa, na kona inazidi kuwa kona.

Mtunza Muda alipiga miayo. Profesa aliisukuma tepu mpaka mapindo yake mawili yakakaribia kugusana.

"Sasa tazameni," aliviambia viti. "Siku moja maji yatajaa. Mto utaona njia ya mkato hapa, utapita moja kwa moja. Hautageuka nyuma. Na lile pindo la zamani, lililokuwa mto kama mto wenyewe, litaachwa pembeni. Maji yake hayaendi tena. Hayakukosea lolote. Yamekaa pale pale yalipoambiwa njia inapita, yanangoja mto ambao umeshapita."

Ukuta wa nyuma ukakohoa.

Dirisha la kwanza lilifunguka nyuma ya kiti cha mwisho upande wa kushoto. Profesa aliliona, akaendelea na sentensi yake, maana alama za mtiririko zilikuwa nyingi. Aliangalia viti. Vilikuwa vile vile. Kisha akaangalia kiooni, na ng'ambo ya kioo akaona uso wa mwanamume wa makamo mwenye kola pana ya mtindo wa zamani, amelisogeza sikio karibu na ukuta kama mtu aliyefanya hivyo kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Alikuwa ameelewa.

Likafunguka la pili, la tatu. Kisha yakafunguka kwa pamoja, ukuta mzima ukikohoa na kukohoa, fremu zikipangana juu hadi darini na chini hadi sakafuni, na kila kioo kilikuwa na uso, na nyuma ya uso kulikuwa na nyuso. Chumba cha pili kilikuwa kirefu kuliko jengo. Mabenchi yalianza karibu na ukuta yakaenda, yakaenda, mpaka macho yakachoka kuyafuata, na juu ya mabenchi walikaa waombaji wa miaka yote, wamevaa vizuri, mikoba magotini, magoti pamoja. Kulikuwa na magauni ya mabega mapana, suruali za miguu kama kengele, nywele zilizochanwa kwa mitindo ambayo siku hizi huonekana kwenye picha za harusi za wazazi tu. Hakuna aliyezeeka. Hakuna aliyesema. Walikuwa wamesikiliza masomo yote yaliyofundishwa kwa viti vitupu, kupitia ukuta, mwaka baada ya mwaka.

Na mwanga ukaingia. Haukuwa mwanga wa saa ile. Kila mmoja wao alikuwa amekaa katika mwanga wa asubuhi aliyofika nayo, na asubuhi zote hizo, za kiangazi, za mawingu, za baada ya mvua, zilimiminika kwa wakati mmoja juu ya viti, juu ya ubao, juu ya mikono ya Profesa na tepu yake ya njano. Ilikuwa kama kusimama ndani ya maji ya vuguvugu hadi shingoni. Alisahau alama. Alishusha mikono, akasimama tu, na wao wakamtazama kama darasa linavyomtazama mwalimu ambaye bado hajamaliza.

"Endelea," alisema Mwenyekiti. "Muda wako upo."

"Jua linanipiga machoni," Bibi Miwani alisema.

"Ni kweli, hilo halimo kwenye mwongozo," Mwenyekiti alisema, akasogeza kiti chake kivulini. "Hatuna alama za madirisha. Endelea, mama."

Profesa aliendelea. Alimalizia kwa muhtasari, kama inavyotakiwa, na alipouliza kama kuna swali, mikono mingi iliinuka ng'ambo ya vioo. Mtunza Muda akapiga kengele.

"Asante," Mwenyekiti alisema. "Pita chumba cha pili. Utaitwa."

Safari hii aliufungua mlango.

Ndani palikuwa na harufu ya nguo zilizopigwa pasi. Alitembea kati ya mabenchi polepole, watu wakivuta miguu kumpisha, na kwa sababu walivuta miguu, aliangalia miguu. Ndivyo alivyoviona viatu. Vilikuwa vya kahawia, kisigino kifupi, kifungo cha shaba mfano wa jani. Ndani yake alikaa binti mwembamba wa miaka ishirini na kitu, mwanya kwenye meno ya mbele, chupa ya chai pembeni yake.

Binti alimtazama. Alimtazama mwanya. Akatazama vidole vilivyochomwa na sindano, akarudi usoni.

"Umetoka nyumbani?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mtoto ameamka?"

"Ameamka," Profesa alisema.

"Amekula?"

"Amekula. Na amesoma."

"Amefika wapi?"

"Amefika hapa."

Mama yake alifungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni aliye mkubwa kwa umri. Chai ilitoa mvuke. Chupa ilikuwa imefika nusu. Alikuwa ameiweka akiba kwa ajili ya safari ya kurudi.

"Kaa, mwanangu," alisema, akasogea kwenye benchi. Mwanamume wa kola pana naye akasogea. Watu wengi walisogea, benchi lote, mpaka nafasi ikawa tele. "Umri wako je? Unaruhusu?"

"Kesho unaniacha."

"Basi kaa leo. Hapa kesho haifiki. Mimi bado nina miaka yangu ile ile, nafasi ninayo."

Profesa alishika kifuniko cha chai akaitazama nafasi ile. Alielewa vizuri kilichokuwa kinatolewa. Angekaa, Jumatano isingekuja. Angebaki mtu anayestahili. Siku moja majina yangeshuka, na yeye angekuwa pale, viatu safi, karibu na mama yake, amechelewa kwa kila kitu isipokuwa kwa hilo. Alikunywa chai yote. Ilikuwa na sukari nyingi, na hivyo ndivyo Mama mkubwa alivyoitengeneza mpaka leo.

"Twende nyumbani," alisema.

"Nikiondoka halafu nikaitwa?"

Lilikuwa swali ambalo Profesa mwenyewe angeliuliza.

"Siwezi kukaa, mama," alisema mwishowe. "Nyumbani yupo mtu aliyekwisha kumngojea mmoja kutoka chumba hiki. Wawili atakuwa anaonewa."

Mama yake aliitikia kwa kichwa, na haukuwa uongo wa adabu, kwa sababu nyuma yake dirisha jingine lilifunguka, kubwa, na ng'ambo yake ukaonekana mtaa, na watu wakipita na mizigo yao.

Dukani Mama mkubwa alikuwa anashona.

"Umeitwa?"

"Nimeambiwa nitaitwa."

Cherehani iliendelea. Mpiga pasi aliligeuza shati, akajifanya hayupo.

"Nimemwona," Profesa alisema.

Mguu ulizidi kukanyaga. Chini ya sindano kitambaa kilikuwa kimeisha, na sindano ilikuwa inashona hewa.

"Anavyo?"

"Anavyo. Kifungo bado kinang'aa."

"Nilijua," Mama mkubwa alisema. "Lori! Yule? Hata gari dogo lilikuwa linamtapisha."

Jumatano Profesa akatimiza miaka yake. Mpiga pasi alimnyooshea gauni bila malipo, na mkuu wa shule mwenye sauti ya filimbi akapita, akasikia, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Darasa litabaki hivyo hivyo, basi," alisema. "Nitawaambia wachore ramani." Alhamisi karani wa usaili akaja mwenyewe, na vipimo mkononi. Chuo kilitaka mapazia ya ukuta mzima. Kitambaa kiwe kizito, cha rangi isiyochafuka, kisichopitisha mwanga. Usaili ulikuwa umesimamishwa kwa sababu ya jua, na waombaji waliobaki walikuwa wameambiwa warudi wiki ijayo.

"Mmeuliza wale ng'ambo?" Profesa alisema.

"Wale wanangoja," karani alisema. Aliangalia vidole vyake. "Nilimsikia mmoja anauliza kama majina yameshuka. Nikamwambia bado."

Karani alipoondoka, Profesa alisema hataishona kazi ile. Mama mkubwa alisema asipoishona yeye atashona fundi wa sokoni, na fundi wa sokoni hakunji pindo, anakunja uso tu. "Na mimi nataka kwenda kupima mwenyewe," aliongeza, akatafuta kitenge chake kizuri.

Walishona siku zote zilizobaki. Walishona vizuri, kwa kuwa hawakujua kushona vibaya.

Asubuhi ya kutundika, Mama mkubwa alipanda zile ngazi akishika ukuta, magoti yakilalamika. Aliingia chumba cha usaili, akasimama mbele ya madirisha, na mwanga wa asubuhi zote ukampata usoni, ukaingia kwenye kila kunyanzi. Hakufumba macho. Alipita dirisha hadi dirisha, kama anayekagua mzigo, mpaka akafika alipokuwa anakwenda. Akakigonga kioo kwa ukucha. Mdogo wake alifungua komeo.

Mmoja alikuwa na miaka ishirini na kitu, mwingine alikuwa bibi. Walitazamana.

"Dada, umezeeka," alisema mdogo.

"Na wewe umechelewa."

"Nilisema jioni. Jioni haijafika huku."

"Naona."

Mdogo aliinama haraka, akaanza kufungua vifungo vya shaba. "Viatu vyako hivi. Sijavichakaza, dada, angalia soli, nimekaa tu." Alivipitisha dirishani, kimoja kimoja. Mama mkubwa alivipokea. Alivigeuza, akavipangusa kwa ncha ya kitenge ingawa havikuwa na vumbi, akapitisha kidole gumba juu ya lile jani la shaba. Vilikuwa vyepesi. Alikuwa amevidai kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuvivaa.

Kisha akavirudisha dirishani.

"Vaa," alisema. "Utaitwaje ukiwa pekupeku?"

Hawakusema jingine kubwa. Mdogo aliuliza kama chumvi bado inawekwa kwenye kopo lile lile. Mkubwa alisema kopo lilitoboka. Mdogo akashika ukingo wa pazia lililokuwa begani kwa Profesa, akalikunja kati ya vidole.

"Pindo limekaa," alisema. "Nani alikufundisha?"

"Dada yako."

"Mkali?"

"Sana."

"Ndiyo maana limekaa."

Saa ya usaili ilikuwa imefika. Wasaili waliingia, wakawasalimia mafundi, wakaketi. Mtunza Muda aliweka kengele mezani. Profesa alipanda ngazi ya mbao, akaanza kufunga mapazia upande wa kushoto, kulabu baada ya kulabu, na asubuhi zikazimika moja moja: ya kiangazi, ya mawingu, ya baada ya mvua. Waliokuwa ng'ambo hawakulalamika. Walirudi kwenye mabenchi yao, wakaunganisha magoti. Mama yake alikuwa wa mwisho. Alikuwa amevaa viatu, amekaa wima, uso umeelekea mlangoni. Alimtazama bintiye mara moja, akatabasamu kwa mwanya wake. Profesa akavuta kamba.

Kitambaa kilikuwa kizito kweli. Chumba kikarudi kuwa chumba. Bibi Miwani alishukuru, akasema sasa anaweza kuona.

Mafundi walikuwa bado wanaokota pini sakafuni karani alipomwingiza mwombaji wa kwanza. Alikuwa yule mnene wa tai nyekundu. Tai ilikuwa ile ile, imefuliwa. Alisimama mbele ya viti vitupu, akameza mate, akafuta viganja kwenye suruali.

"Hamjambo, watoto?" alisema.

Akangoja.

Nyuma ya mapazia, kutoka karibu kabisa na kutoka mbali mno, mbali kuliko jengo, sauti zisizohesabika zikaitikia kwa pamoja, polepole, kwa upole, kama wanavyoitikia watoto waliofundishwa vizuri: "Hatujambo, mwalimu."

Pindo la pazia lilitikisika, likatulia. Mama mkubwa, aliyekuwa amepiga magoti na pini mkononi, aliisikia sauti moja kati ya zote, akainamisha kichwa. Profesa aliisikia pia.

Mwenyekiti alifungua kalamu. Mtunza Muda aliangalia saa. Bibi Miwani akaandika kwamba mwombaji amengoja kwa kiasi kinachofaa.